Siku ya mvua tubutue tu? Jibu kwa kocha wa vijana

Swali: Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Tunacheza pasi fupi, mpira chini, na kwenye uwanja mkavu tunaisumbua timu yoyote. Mvua ikinyesha tunapotea. Mechi moja pasi zetu zilikuwa zinakimbia mpaka nje. Mechi iliyofuata mpira ulikwama kwenye maji kila mara, tukafungwa bao moja baada ya kipa wangu kuutema mpira uliomponyoka kifuani. Msaidizi wangu anasema siku ya mvua tubutue mbele tu. Kipa naye ameniomba nisimpange tena mvua ikinyesha. Nifanyeje?

Jibu: Kocha mwenzangu, kabla hujamjibu msaidizi wako, yasome tena maelezo yako mwenyewe. Mechi ya kwanza mpira ulikimbia kupita kiasi. Ya pili uligoma kwenda. Hayo ni matatizo mawili yanayopingana, na ukiyatibu kwa dawa moja utaponya moja na kuzidisha jingine. Timu yako haikufungwa kwa sababu inacheza pasi. Ilifungwa kwa sababu iliingia kwenye viwanja viwili tofauti ikidhani ni kimoja.

Tumezoea kusema "uwanja umelowa" kana kwamba ni hali moja. Mimi nahesabu hali tatu. Kwanza ni nyasi zilizolowa juu huku ardhi ya chini ikiwa bado ngumu. Huo ni uwanja wa kasi, na kwa timu ya pasi ni zawadi. Klabu nyingi kubwa hunyunyizia uwanja maji kwa makusudi kabla ya mechi, na tena wakati wa mapumziko, ili mpira utembee haraka. Pili ni ardhi iliyolainika ikawa tope: mpira unapunguza mwendo, miguu inazama, mapaja yanaisha nguvu mapema. Tatu ni maji yaliyosimama. Hapo mpira unaotambaa unakufa palepale. Uwanja mmoja unaweza kuwa na hali zote tatu kwa wakati mmoja, na ule ulioanza mechi ukiwa wa kwanza unaweza kumaliza ukiwa wa tatu.

Nitaeleza kidogo kinachotokea, maana vijana wakielewa sababu hawahitaji kukumbushwa kila dakika. Mpira ukitua kwenye nyasi kavu, nyasi zinaushika. Zinaula mwendo, zinaubiringisha, na mpira unainuka vizuri. Nyasi zenye maji hazishiki. Mpira unateleza, hauinuki sana, na unafika mapema kuliko jicho lilivyozoea. Wachezaji husema mpira umeongeza kasi baada ya kudunda. Haujaongeza, ila umepoteza kidogo kuliko kawaida. Ndiyo maana anayesubiri mpira udunde ndipo aupokee anakuta umeshampita chini ya mguu. Na maji hayohayo yako kati ya daluga na mpira: kiatu hakiushiki mpira vizuri, kwa hiyo mpira wa kukata unajikunja kidogo kuliko ulivyokusudia. Mpigaji wako wa faulo anayependa kuzungusha mpira juu ya ukuta ajue hilo mapema.

Sasa kazi ya kwanza, ambayo naiona ni nusu ya jibu lote. Siku ya mvua fikeni uwanjani mapema, saa moja na zaidi kabla ya mechi. Wape wachezaji mpira mmoja, wavae daluga, muuzunguke uwanja wote pamoja. Mmoja asukume mpira kwa nguvu ileile kila mahali: mbele ya magoli yote mawili, katikati, pembe zote nne za kona, njia za mawinga. Wenzake waangalie unaishia wapi. Midomo ya magoli huwa imechimbika kwa kukanyagwa kila wiki, na maji hupenda kukaa hapo. Viwanja vingine vimeinuka katikati, hivyo maji yanateremkia pembeni. Usidhani, pima. Mkimaliza, kila kijana awe anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ambapo mpira unakimbia na mahali ambapo unakufa. Wafanye wao, si wewe ukawaambie. Nimeona vijana wakisahau maneno yangu yote ya chumba cha kubadilishia nguo, lakini dimbwi waliloliona kwa macho yao hawalisahau.

Kutoka hapo unapata jambo la kumwambia nahodha kuhusu sarafu. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu anayeshinda urushaji kuchagua ama goli la kushambulia kipindi cha kwanza, ama kuanza na mpira. Kama upande mmoja wa uwanja una hali nzuri na mvua bado inaendelea, mimi huchagua kushambulia upande ule mzuri kwanza. Kila dakika inayopita uwanja unaharibika, na timu inayotafuta bao la kusawazisha kwenye tope la kipindi cha pili ina mlima wa kupanda.

Tuuchukue uwanja wa kasi, ule wa mechi yako ya kwanza. Hapa usibadilishe mtindo wenu hata kidogo. Badilisha vipimo. Pasi ya mguuni inaweza kubaki kali, kwa kuwa inafika haraka na kumpa mpokeaji muda. Pasi ya kupenyeza ndiyo iliyokuwa inawatoroka: mnaipiga moja kwa moja mbele, nyuma ya mabeki, na mpira unateleza mpaka kwa kipa au nje. Ipigwe ya mshazari, ikatize mbele ya mkimbiaji badala ya kumkimbia, na nguvu ipungue. Mimi huwaambia wachezaji walenge mguu wa mbele wa mwenzao, si nafasi iliyo wazi mbele yake. Nafasi ya wazi kwenye nyasi zilizolowa ni kubwa kuliko inavyoonekana, mpira hausimami humo.

Kupokea kuna mambo matatu, na yote yanafundishika. Mwili uwe nyuma ya mstari wa mpira, ili ukimponyoka mguuni ugonge ugoko au mguu wa pili. Magoti yakunjwe na mguu wa kupokea ukae chini kabisa, karibu na nyasi, maana mpira unakuja chini. Na mchezaji aufuate mpira, asiusubiri. Hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha mabeki wazuri na wa kawaida siku ya mvua. Beki wa kati anayeacha mpira mrefu udunde mbele yake amecheza kamari: ukidondokea kwenye nyasi utamtelezea, ukidondokea kwenye maji utabaki nyuma na mshambuliaji atauokota. Uchezwe hewani, kwa kichwa au kwa mguu, hata kama unatoka nje.

Kukimbia nako kunabadilika. Hatua ziwe fupi na za haraka, uzito uwe juu ya miguu, na kugeuka kuwe kwa upinde badala ya kukata kona kali. Mshambuliaji ana faida moja kubwa hapa: yeye anajua atageuka lini, beki hajui. Kwa hiyo mwambie beki wako ampe winga nafasi ya mita moja zaidi ya kawaida, asimame kwa miguu miwili, na asijirushe. Kuteleza chini kwenye uwanja uliolowa kunampeleka mtu mbali kuliko alivyopanga. Mpira unaondoka, yeye anaendelea, na kinachofuata ni mguu wa mwenzake, kadi, na kwenye eneo la hatari penalti. Mwamuzi hatakuhurumia kwa sababu ya mvua, na hapaswi.

Sasa uwanja mbaya, wa mechi ya pili. Hapa msaidizi wako ana nusu ya ukweli, na umpe nusu hiyo kwa heshima. Kwenye tope zito na maji yaliyosimama, pasi ya mita kumi inayotambaa chini ni hatari. Mpira lazima uinuke. Lakini kubutua ni kumrudishia mpinzani mpira huku ukimwomba akosee. Kuinua mpira uende mahali ulipopachagua bado ni pasi. Vijana wenye mguu laini kama wako wanaweza kuchota mpira kwa ncha ya kiatu na kumpelekea mwenzao mita kumi na tano, kifuani au pajani. Wamezoea pasi fupi, wazicheze hewani. Na mpokeaji asijaribu kuusimamisha mpira chini, kwani chini ndiko unakofia. Auguse mara moja kwenda kwa aliye karibu, au auelekeze kwa kifua upande ulio mkavu.

Jambo jingine ni umbali kati ya wachezaji. Uwanja ukiwa mzito, watu wasogeleane. Mpira mrefu ukipigwa kwa mshambuliaji, mpira wa kwanza ni bahati ya yeyote, lakini wa pili, ule unaodondoka baada ya vichwa viwili kugongana, ni wa timu iliyo na watu watatu karibu. Wengi wanaobutua hushindwa hapo: wanapiga mbele kisha viungo wanabaki mita thelathini nyuma wakitazama. Ukiamua kucheza mirefu, kiungo mmoja awe tayari anakimbia mguu wa mpigaji unaponyanyuka.

Na chagueni njia. Ile ramani mliyoitengeneza kwa kuusukuma mpira ndiyo sasa inafanya kazi. Kama upande wa kulia una nyasi nzuri na wa kushoto ni ziwa, basi shambulieni kulia hata kama winga wenu bora ni wa kushoto. Mhamishe. Mfano mkubwa ninaoukumbuka kila uwanja unapojaa maji ni mechi ya Ujerumani Magharibi na Poland mjini Frankfurt, tarehe 3 Julai 1974, kwenye Kombe la Dunia. Mvua kubwa ilikuwa imemwagika kabla ya mechi, wazima moto wakaja na pampu kuondoa maji, na mechi ikachelewa kuanza. Wapolandi walikuwa na kasi ya kutisha pembeni, Lato upande mmoja na Gadocha upande mwingine, na walihitaji ushindi ili wafike fainali, ilhali Wajerumani sare iliwatosha. Mpira uliposukumwa mbele kwa mwendo ukawa unasimama kwenye madimbwi, na mawinga wale wakapoteza silaha yao kubwa. Kipa wa Poland, Tomaszewski, alipangua penalti ya Hoeneß, lakini Gerd Müller akafunga dakika ya 76 na mechi ikaisha 1-0. Müller hakuwa mtu wa kukimbia na mpira umbali mrefu. Alifanya kazi yake kwa mguso mmoja au miwili ndani ya boksi, na uwanja wa namna ile haukumnyima kitu.

Ukiitazama timu yako kwa jicho hilo, jiulize nani kati ya vijana wako ana silaha ambayo maji hayawezi kuinyang'anya. Mara nyingi siye nyota wa siku za jua. Anaweza kuwa yule kiungo anayecheza mguso mmoja, au mshambuliaji mzito anayejua kuukinga mpira kwa mwili. Usione vibaya kumweka benchi mpiga chenga wako kipindi cha kwanza na kumwingiza baadaye wapinzani wakiwa wamechoka, ila umweleze sababu kabla ya mechi, uso kwa uso.

Katika kukaba, uwanja wa kasi unakutaka ukabie juu, kwenye nusu yao ya uwanja. Mguso wa kwanza wa beki unaharibika kirahisi, na mpira ukimtoka nusu mita tu ni wako. Kwenye tope usiwakimbize vijana hivyo, watakuwa wameisha dakika ya hamsini. Wafundishe kusubiri ishara, na ishara bora ni dimbwi lenyewe. Pasi ya mpinzani ikielekea kwenye maji, wachezaji wawili walio karibu waondoke kabla haijafika. Itasimama, wao watakuwa wamefika, na mpokeaji atakuwa bado anaikimbilia.

Kuna pasi moja ambayo ningeipiga marufuku kabisa siku hiyo: ya kumrudishia kipa ikipita mbele ya goli. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kuushika kwa mikono mpira aliopigiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake. Kwa hiyo pasi inayokwama kwenye tope inamwacha hoi: hawezi kuidaka, na kuipiga haijamfikia. Wakilazimika kurudisha, mpira uende pembeni mwa nguzo, nje ya upana wa goli, upande ambao mmepima na kuona unatembea. Ukimponyoka kipa uwe kona, usiwe bao.

Mbele ya goli la wapinzani mambo ni rahisi zaidi. Pigeni mapema, pigeni chini, na mpira udunde mita moja au mbili mbele ya kipa, mahali ambapo hana muda wa kusoma utakavyoteleza. Krosi ziwe za chini na kali kama nyasi ni za kasi, za juu kama mdomo wa goli umejaa maji. Na kila shuti lifuatwe na watu wawili bila kujali linaelekea wapi. Mabao mengi ya mvua ni ya mpira uliotemwa, wewe mwenyewe unalijua hilo kwa uchungu.

Kuhusu daluga, hukuuliza, lakini nimewahi kuona mechi ikiamuliwa na viatu. Njumu, yale meno ya chini ya kiatu, zikiwa fupi na nyingi kama za uwanja mgumu, hazifai kwenye ardhi laini. Kinachotakiwa ni njumu chache, ndefu na zilizoachana, za kufungwa kwa skurubu kama vijana wanaweza kuzipata, kwa kuwa zinazama ardhini na tope halikwami kati yake. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 mjini Bern ilichezwa kwenye mvua. Ujerumani Magharibi walivaa viatu vya Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, vilivyoruhusu kubadilisha njumu, wakafunga ndefu. Hungaria waliongoza 2-0 ndani ya dakika nane, na katika makundi walikuwa wamewafunga Wajerumani haohao 8-3. Siku ile mechi iliisha 3-2 kwa Ujerumani, bao la mwisho likiwa shuti la chini la Helmut Rahn dakika ya 84. Sitasema njumu ndizo zilizoshinda kombe. Nahodha wao, Fritz Walter, alijulikana kwa kucheza vizuri zaidi kwenye mvua kuliko kwenye joto, na hilo nalo lilikuwa na uzito wake. Lakini mchezaji anayeamini mguu wake hautateleza hukimbia tofauti na anayeogopa.

Kama viatu vya kubadilisha hakuna, weka kijiti au brashi ngumu kando ya benchi, na kila mchezo unaposimama walio karibu waje wakwangue tope. Daluga iliyojaa tope ni sawa na kiatu cha kawaida. Wawe na soksi na jezi kavu za kubadilisha mapumziko. Baada ya mechi viatu vijazwe karatasi ndani na vikauke kivulini, visianikwe karibu na moto, ngozi itapasuka.

Moja ambalo halina mjadala ni radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, watoeni watoto uwanjani waingie kwenye jengo au gari, si chini ya mti. Wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwamuzi asipokuwa amelifikiria, wewe ndiye mtu mzima wao, mwendee umwambie.

Nimemwacha kipa wako mwisho kwa sababu yeye ndiye anayenihangaisha zaidi katika barua yako. Hakutema mpira kwa sababu ni mwoga. Alijaribu kuudaka kama siku ya jua. Siku ya mvua kipa ana maamuzi mawili tu: mpira ambao mwili wake wote uko nyuma yake anaudaka, akiukumbatia kifuani huku akiangukia mbele juu yake. Mwingine wowote anaupangua, na kuupangua ni kuupeleka pembeni au juu ya mwamba, kamwe si mbele. Kwenye msongamano apige ngumi. Mpira wa chini aupigie goti moja, mguu uzibe nafasi iliyo nyuma ya mikono. Glovu azilowanishe kwa maji safi kabla ya mechi na kuzikamua, kwa sababu utando wa viganja hushika vizuri ukiwa na unyevu kidogo kuliko ukiwa mkavu wenye vumbi. Awe na taulo ndani ya goli, na jozi ya pili kama ipo.

Juma lijalo, hata kama jua linawaka, mpe dakika ishirini kila mazoezi. Chukua ndoo ya maji, zamisha mipira sita humo, mwagia nyasi za mbele ya goli. Anza kwa kumrushia kwa mkono mipira ya kifuani, uongeze nguvu taratibu. Kisha piga ya chini idunde mbele yake, na kabla hajaigusa aseme kwa sauti: "Nadaka" au "Napangua." Usimhesabie alizookoa. Mhesabie maamuzi sahihi, hata pale mpira ulipoingia. Mabeki wawili wakae naye katika zoezi hilo, kazi yao ikiwa kuufikia kwanza kila mpira anaoutema, ili ajue hayuko peke yake pale nyuma.

Halafu mvua ijayo mpange. Mwambie leo kwamba utampanga, asilijue siku ya mechi.